Mashine ya kadi inakula nini? Kweli na uongo kwa mwenye duka wa Palma, Mocímboa na Ibo

Muulize mwenye duka yeyote wa mwambao wa kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, kwa nini hataki kupokea kadi, na jibu halichelewi: makato. Mmoja atakwambia mashine inakula faida yote. Mwingine atasema heri simu, maana simu haikati. Wa tatu anaapa kwamba mtandao ukigoma katikati ya malipo, pesa ndiyo basi tena. Vuka Ruvuma uende Mtwara, utayasikia haya haya kwa shilingi badala ya metikali.

Katika maneno hayo kuna ukweli, kuna nusu ukweli, na kuna uvumi uliozoeleka. Tumeyachukua madai kumi tukayapima moja moja. Viwango vya metikali vilivyotumika katika hesabu ni vya mfano tu, vimewekwa ili hesabu ieleweke. Kiwango chako halisi kimo kwenye mkataba uliosaini na benki yako, ambao aghalabu umeandikwa kwa Kireno na kuwekwa kwenye saraka bila kusomwa mara ya pili.

Dai la 1: "Makato yote yanaliwa na benki iliyoniletea mashine."

SI KWELI.

Tuseme mteja amechukua gunia la mchele na dumu la mafuta, jumla metikali 2,000. Anaingiza kadi, anabonyeza namba ya siri, mashine inatoa risiti. Ikiwa mkataba wako unasema asilimia 2.5, kwenye akaunti yako zitaingia 1,950. Zile 50 hazikwenda kwa mtu mmoja. Zimegawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza linakwenda kwa benki ya mteja, ile iliyotoa kadi. Katika nchi nyingi hili ndilo fungu kubwa kuliko yote. Benki hiyo inadai kwamba yenyewe ndiyo inayokuhakikishia kuwa pesa ipo, ndiyo inayobeba sehemu ya hasara kadi ikiibiwa, na ndiyo iliyompa mteja kadi. Fungu la pili ni la mtandao unaobeba ujumbe kati ya benki mbili. Kwa Msumbiji mtandao wa kitaifa ni SIMO, ambao Benki Kuu ni mmoja wa wanahisa wake. Kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard huwa na mtandao wa kimataifa nyuma yake. Fungu la tatu ndilo la benki yako wewe, iliyokupa mashine na inayokuwekea pesa kwenye akaunti.

Mteja akiwa na akaunti katika benki ile ile iliyokupa mashine, benki hiyo inabaki na fungu la kwanza na la tatu. Hapo una sababu nzuri ya kuuliza kama malipo ya namna hiyo yana kiwango cha chini zaidi.

Utaratibu wa muuzaji kukatwa haukubuniwa Maputo wala Pemba. Diners Club ilipoanza New York mwaka 1950, mikahawa iliyokubali kadi hiyo ilikatwa asilimia 7. Mwaka 1958 Bank of America ilianzisha kadi yake mjini Fresno, California, na kadi hiyo ndiyo iliyopewa jina la Visa mwaka 1976. Mwanzoni kampuni moja ilikuwa pande zote mbili za malipo na ilikula makato yote peke yake. Kadi zilipoanza kutolewa na benki nyingi, ikabidi ijulikane benki ya muuzaji inailipa nini benki ya mteja. Fungu la kwanza lilizaliwa hapo.

Dai la 2: "Kadi ni kadi tu, zote zinakatwa sawa."

SI KWELI.

Kadi ya akaunti ya kawaida, ambayo pesa inatoka papo kwa papo kwenye salio la mteja, kwa kawaida ni rahisi kuliko kadi ya mkopo. Kadi iliyotolewa nchini ni rahisi kuliko iliyotoka nje. Kadi iliyoingizwa kwenye mashine mbele yako ni rahisi kuliko namba ya kadi iliyoandikwa kwenye tovuti na mtu aliye mbali.

Ulaya inaonyesha tofauti hizi kwa tarakimu. Tangu Desemba 2015, sheria ya Umoja wa Ulaya inazuia fungu la benki ya mteja lisizidi asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Sheria hiyo haikugusa kadi za watalii kutoka nje ya Ulaya. Mwaka 2019 Visa na Mastercard zikaahidi mbele ya Kamisheni ya Ulaya kuzishusha nazo: asilimia 0.2 na 0.3 mgeni akiwa dukani na kadi yake, lakini 1.15 na 1.5 akilipa kwa mtandao. Kadi ni ile ile na mtu ni yule yule, ila namna ya kulipa imepandisha fungu hilo mara tano au zaidi.

Sasa lilete jambo hili kisiwani Ibo. Msonara anayemuuzia mtalii mkufu wa fedha, au mwenye nyumba ya wageni anayepokea malipo ya chumba kwa mtandao wiki kadhaa kabla mgeni hajafika, hana sababu ya kutarajia makato yale yale anayokatwa muuza vifaa vya ujenzi ambaye wateja wake wote wana kadi za benki za Msumbiji. Mkataba wako ukiwa na kiwango kimoja kwa kadi zote, basi benki imepiga wastani. Na kama wateja wako karibu wote ni wa hapa hapa, wastani huo unakulipisha gharama za wageni ambao huwaoni.

Kuna pia mtego mwingine kwa mteja wa kigeni. Mashine nyingine humuuliza kama angependa kulipa kwa sarafu ya kwao, tuseme shilingi, badala ya metikali. Akikubali, bei ya kubadilisha fedha inapangwa upande wa mashine, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki yake. Mgeni akigundua baadaye ataona duka ndilo lililompunja. Muuzaji mwangalifu anamwachia mgeni achague mwenyewe.

Dai la 3: "Asilimia ikiwa ndogo, makato ni madogo."

NUSU KWELI, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza wadogo.

Asilimia haiji peke yake. Inaweza kuja na kodi ya mashine ya kila mwezi, au na kiasi cha chini kinachokatwa kwa kila muamala hata mauzo yawe kidogo namna gani. Chukua maduka mawili. Yote yanakatwa asilimia 2 na yote yanalipa metikali 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya mashine. La kwanza linauza kwa kadi metikali 400,000 kwa mwezi: asilimia 2 ni 8,000, ongeza 1,000, jumla 9,000, sawa na asilimia 2.25 ya mauzo. La pili linauza kwa kadi 20,000 tu: asilimia 2 ni 400, ongeza 1,000, jumla 1,400, sawa na asilimia 7. Mkataba ni mmoja na asilimia ni moja, lakini mzigo wa la pili ni mara tatu ya la kwanza.

Marekani walijifunza jambo hili kwa njia ngumu. Oktoba 2011 ilianza kanuni ya kubana fungu la benki kubwa kwenye kadi za akaunti: senti 21 za dola kwa muamala pamoja na asilimia 0.05, na senti moja zaidi kwa benki inayokidhi masharti ya kuzuia wizi. Wenye maduka makubwa walipata nafuu. Muuza kahawa ya dola 2 ambaye zamani alikatwa takribani senti 7 alijikuta akikatwa zaidi ya senti 20, maana viwango vya bei nafuu vilivyokuwapo kwa mauzo madogo vilipandishwa vikagota kwenye dari la kanuni. Sheria iliyotungwa kumsaidia mwenye duka ilimuumiza mwenye duka mdogo.

Kwa hiyo ukipewa mkataba usiishie kuuliza "asilimia ngapi?" Chukua mauzo ya mwezi mmoja unayoamini yatapita kwenye kadi, jumlisha kila kitakachokatwa, ugawanye. Jibu hilo ndilo asilimia yako ya kweli. Muuza mkate wa asubuhi na muuza mabati hawawezi kuwa na jibu moja.

Dai la 4: "Fedha taslimu haina makato."

SI KWELI.

Makato yake hayaandikwi kwenye risiti, ndiyo maana hayaonekani. Kuna chenji inayokosekana mpaka mteja anapewa pipi au anaondoka bila kununua. Kuna noti bandia. Kuna kijana wa dukani ambaye hesabu yake ya jioni haiishi kupungua. Zaidi ya hayo yote kuna safari ya kuipeleka pesa benki au kwa msambazaji.

Kwenye mwambao huu safari hiyo ina uzito ambao muuzaji wa Maputo haujui. Kutoka Palma hadi Pemba kwa barabara ni kilomita 400 hivi, na kwa miaka sasa barabara ya N380 imekuwa ya kupita kwa hofu, mara nyingine kwa misafara inayosindikizwa na wanajeshi. Aliye Ibo anangoja maji yajae, apande mashua hadi Tandanhangue upande wa Quissanga, ndipo atafute gari la kwenda Pemba. Njia nzima noti ziko mwilini.

Vita pia viliondoa benki zenyewe. Mashambulizi ya waasi yalianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na haukurudi mikononi mwa serikali mpaka Agosti 2021, kwa msaada wa majeshi ya Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na benki zilikuwa miongoni mwa vilivyovamiwa. Aliyekuwa ameweka akiba yake ndani ya godoro au nyuma ya kaunta aliikimbia pamoja na nyumba. Aliyekuwa nayo kwenye akaunti aliikuta akaunti Pemba, Nampula au popote alipofikia.

Hoja hii haimaanishi kila duka lichukue mashine kesho. Maana yake ni kwamba ukilinganisha, linganisha gharama na gharama: nauli, siku ya kazi iliyopotea, hatari, upungufu wa jioni. Yaandike haya yote kwa mwezi mmoja, uyagawe kwa mauzo ya taslimu, uone nayo yanafika asilimia ngapi.

Dai la 5: "Hainihusu, ninamwongezea mteja wa kadi."

NUSU KWELI.

Ni kweli kwamba mwisho wa safari makato huingia kwenye bei, kama kodi ya pango na umeme vinavyoingia. Bei ya sukari kwenye duka linalopokea kadi imeshabeba makato hayo, na anayelipa taslimu anachangia bila kujua.

Kumwongezea mteja wa kadi peke yake, pale pale kaunta, ni jambo jingine. Mikataba mingi ya mashine inakataza, na mteja akilalamika benki inaweza kukunyang'anya mashine. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza ni marufuku ya kisheria kwa kadi za kawaida za watumiaji tangu tarehe 13 Januari 2018. Kifungu hiki kitafute kwenye mkataba wako kabla ya kubandika karatasi ya "kadi ongeza asilimia 5" ukutani.

Halafu kuna ukweli wa kibiashara. Ukikatwa asilimia 2.5 na ukamwongezea mteja 5, hujafidia makato, umepandisha bei, na mteja mwenye kadi huwa ni yule yule mwenye mshahara ambaye duka la jirani linamtamani.

Dai la 6: "Simu haina makato, kadi ndiyo yenye makato."

SI KWELI.

M-Pesa ilifika Msumbiji mwaka 2013, na leo pamoja na e-Mola na mKesh ndiyo benki ya watu wengi wa mwambao ambao hawajawahi kuingia kwenye tawi la benki. Inaonekana bure kwa mwenye duka kwa sababu mara nyingi anayekatwa ni mteja anapotuma. Lakini ifuatilie pesa mpaka mwisho. Mteja ametuma, amekatwa. Jioni wewe unakwenda kwa wakala kuitoa ili ununue samaki alfajiri, unakatwa. Na siku wakala hana pesa, unazunguka mji mzima. Jumla ya makato ya pande mbili kwa kiasi kidogo inaweza kuzidi makato ya kadi.

Kenya, ambako M-Pesa ilizaliwa Machi 2007, Safaricom ilianzisha Lipa na M-Pesa mwaka 2013 ikimkata muuzaji asilimia ya mauzo, kama kadi. Baadaye ilishusha kiwango kutoka asilimia 1 hadi 0.5 na kusamehe malipo madogo yasiyozidi shilingi 200, maana wenye vibanda walikuwa wakiwaomba wateja watume kwenye namba binafsi. Tanzania nako Lipa Namba imeenea mpaka kwa muuza mihogo, na Julai 2021 serikali ilipoweka tozo juu ya miamala ya simu watu waligundua haraka kwamba "bure" ya simu inategemea sera ya mwaka husika. Kelele zikapigwa, tozo ikapunguzwa.

Namba binafsi ina tatizo jingine: mauzo yanachanganyika na pesa za arusi, za msiba na za shemeji. Mwisho wa mwezi hujui duka limepata au limekula mtaji. Uliza kampuni yako ya simu kuhusu akaunti ya biashara, kisha fanya hesabu ile ile ya dai la 3.

Dai la 7: "Mtandao ukikatika katikati ya malipo, pesa imepotea."

SI KWELI, ila mauzo yanaweza kupotea.

Kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni pale mteja anapopata ujumbe kwamba amekatwa, huku mashine yako haikutoa risiti ya kukubaliwa. Pesa hiyo haiko kwako, kwa hiyo usimpe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu. Haijapotea pia. Imeshikiliwa, na kwa kawaida hurudi kwenye akaunti yake pale mifumo inapolinganisha hesabu. Mpe mteja karatasi iliyoandika muamala umekataliwa, aende nayo benki. Ya pili ni pale mashine inapotoa risiti yenye namba ya idhini. Hiyo ni haki yako. Itunze risiti mpaka uone pesa kwenye taarifa ya akaunti. Karatasi za mashine hufifia kwa joto, na joto la Mocímboa halina huruma, basi zipige picha. Kila jioni funga hesabu ya mashine, ulinganishe jumla yake na daftari.

Hasara ya kweli ni ya saa au siku ambazo mashine haifanyi kazi. Katikati ya Novemba 2018 nchi nzima iliishuhudia. Ugomvi kati ya SIMO na Bizfirst, kampuni ya Ureno iliyomiliki programu iliyoendesha mtandao huo, ulizima mashine za kadi na za kutolea pesa kwa siku kadhaa. Gavana wa Benki Kuu, Rogério Zandamela, alisimama akasema hawatakubali kushinikizwa, na baadaye SIMO ikatafuta programu kwingine. Maduka yaliyozoea kadi pekee yalibaki yakiangaliana na wateja.

Huku kwetu haihitajiki kampuni ya Ureno ili mashine izime. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, Ibo na Macomia zilibaki bila umeme wala mawasiliano. Vita navyo viliangusha minara na nguzo. Kabla ya kuchukua mashine jaribu laini za simu zote dukani kwako, asubuhi na jioni, ujue ipi inashika, kisha uulize benki kama mashine yao inakubali laini hiyo.

Dai la 8: "Risiti ikitoka, pesa imeingia na mambo yamekwisha."

SI KWELI.

Risiti inasema umeahidiwa. Pesa inaingia kwa ratiba ya benki: huenda ni siku hiyo hiyo, huenda siku ya kazi inayofuata, na mauzo ya Ijumaa jioni yanaweza kungoja Jumatatu. Kwa muuza samaki anayewalipa wavuvi kila alfajiri, siku mbili za kungoja zinaweza kuuma kuliko asilimia yenyewe. Akilazimika kukopa ili anunue mzigo wa kesho, riba ya mkopo huo nayo ni sehemu ya makato.

Na hata ikiingia inaweza kuombwa irudi. Mwenye kadi ana haki ya kuiambia benki yake kwamba hakununua, au alinunua na hakupata. Kwa kadi za kimataifa muda wa kulalamika unaweza kufika siku 120. Mgeni amelipia chumba cha Ibo kwa mtandao, safari ikavunjika kwa habari za vita, naye akadai pesa yake: usipokuwa na masharti ya kughairi aliyoyakubali kwa maandishi, utakuwa na kazi kujitetea. Mteja aliyesimama mbele yako, akaingiza kadi na kubonyeza namba ya siri mwenyewe, ni vigumu zaidi kudai hakuwapo.

Dai la 9: "Nikichukua mashine, watu wa kodi wataniona."

KWELI.

Ili upewe mashine utahitaji NUIT (namba ya mlipa kodi), leseni ya biashara na akaunti ya benki, na mauzo yako yataacha alama. Lakini kodi unayodaiwa inatokana na biashara yako, haizaliwi na mashine. Alama hizo hizo ndizo utakazomwonyesha afisa wa mikopo. Baada ya Palma na Mocímboa kuchomwa, wengi walirudi wakiwa na maneno matupu ya kueleza duka lao lilikuwa likiuza kiasi gani. Taarifa ya akaunti haiungui na duka.

Dai la 10: "Makato ni amri ya benki, hayajadiliki."

NUSU KWELI.

Rudi kwenye yale mafungu matatu. La benki ya mteja na la mtandao hupangwa mbali, na wewe na meneja wa tawi hamna uwezo nayo. Fungu la benki yako, kodi ya mashine na siku za kungoja pesa ni bei kama bei nyingine, na bei ya sokoni huulizwa. Benki zaidi ya moja zinatoa mashine nchini, na tangu kazi za gesi zilipoanza kuamka tena upande wa Afungi, karibu na Palma, kila moja ina sababu ya kutaka wateja huko.

Nenda na karatasi yenye mauzo yako ya mwezi, wastani wa malipo ya mteja mmoja, na makadirio ya wateja wangapi wana kadi za nje. Kisha uliza maswali haya, na majibu yaandikwe:

Asilimia ni ngapi kwa kadi ya nchini, na ngapi kwa kadi ya nje? Kuna kiasi cha chini kwa kila muamala? Mashine inalipiwa kwa mwezi, na nikifikisha mauzo kiasi gani inakuwa bure? Pesa inaingia baada ya siku ngapi? Mashine ikiharibika Palma nani anakuja kuitengeneza, na katika siku hizo ninaendelea kulipia? Nikitaka kuvunja mkataba ninadaiwa nini?

Duka moja linalouza kwa kadi metikali 20,000 kwa mwezi halina nguvu kubwa mezani. Maduka ishirini ya soko moja, yakienda pamoja na karatasi moja, yanaleta metikali 400,000, na benki ina sababu ya kuyahesabu kama inavyomhesabu mwenye duka kubwa. Wavuvi wakiuza samaki wao kwa umoja, ni vigumu kwa wachuuzi kuwachezea bei. Kununua huduma ya benki kwa umoja ni biashara ile ile, na pa kuanzia ni kila mmoja kuutoa mkataba wake kwenye saraka na kuujumlisha.